Na ya Kutolea, Mheshimiwa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Makato Yote,
S.L.P. (nimeambiwa lipo, namba sijapewa),
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KUAJIRIWA KATIKA KAZI YANGU MWENYEWE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, cheo chako nimekibuni, naomba radhi. Kila dirisha nililosimama waliniambia wao wanakata kidogo tu, tena hicho kidogo si chao, ni cha huko juu. Nikapiga hesabu nikaona haiwezekani vidogo vyote hivyo vipande juu halafu huko juu pasiwe na mtu wa kuvijumlisha. Mtu huyo ndiye ninayemwandikia.

Mimi ni mtunzi wa hadithi za mfululizo. Zangu haziko gazetini wala dukani. Zinakwenda kwenye simu, katika kundi la WhatsApp, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tatu usiku, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa. Ninayoendelea nayo sasa ni ya Zuhura, binti wa Pangani aliyetoroka siku mbili kabla ya ndoa yake. Sehemu 29 za kwanza nilizitoa bure, na kundi likafika watu 412. Sifa nilizopata humo, ungedhani nimejenga daraja. "Mwandishi unatuua." "Mwandishi leo sijapika." Mmoja aliniita hazina ya taifa, nami nikaamini, maana hazina ya taifa nayo nasikia haina kitu.

Mwezi wa nane nikatangaza, kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, kwamba kuanzia sehemu ya 30 kila msomaji atachangia shilingi 2,000 kwa mwezi. Kundi lilinyamaza siku mbili. Hata wale wa "asubuhi njema wapendwa" wakapotea. Siku ya tatu mtu mmoja akaandika "Hongera sana mwandishi kwa hatua hii", halafu akajitoa.

Waliobaki na kulipa ni 63. Wenye ahadi ni 11: kuna ambaye mwezi umemkalia vibaya, kuna wa tarehe 25 ambayo haina mwezi, na kuna mmoja yupo msibani tangu Machi. Nampa pole kila Ijumaa.

63 mara 2,000 ni 126,000. Hapo ndipo wewe unapoingia, Mheshimiwa.

Unajua kwamba katika nchi yetu hakuna mtu anayetumiwa hela. Tunatumiwa hela "na ya kutolea". Mama akikuomba 20,000 ya dawa, anamalizia: weka na ya kutolea. Fundi, dalali, shemeji, wote wanalijua sharti hilo, na asiyelitimiza anaonekana hana malezi. Mimi peke yangu nilishindwa kulisema. Nitamwambiaje mtu ninayemwomba 2,000 kwa ajili ya binti ambaye hayupo, kwamba aongeze na ya kutolea? Nikaona aibu, nikaibeba mwenyewe. Julai 2021, ilipokuja tozo ya miamala, shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi, nayo nikaibeba kwenye vijihela nilivyokuwa nikipata wakati huo. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikapunguzwa tena, na nashukuru. Tuliambiwa fedha ile inajenga madarasa na vituo vya afya. Mpaka leo nikipita shule ya kata nasimama kidogo nikiangalia ukuta, nikijaribu kulitambua tofali langu.

Juzi nilikwenda kutoa. Wakala wetu ni dada mmoja anayekaa chini ya mwavuli uliopauka, meza yake ina simu tatu zilizofungwa kwa rababendi na daftari lenye jalada la mwanasoka aliyekwishastaafu. Akahesabu noti mara mbili, akazipiga kofi kwenye kiganja, kisha badala ya kunipa akanitazama.

"Kaka, wewe si ndiye wa Zuhura?"

Nikavimba kichwa. Nikasema ndiye.

"Sasa mbona umemwacha pale stendi ya Mbezi na begi, na yule mwanamume ameshamwona?"

Mheshimiwa, hiyo ni sehemu ya 41. Nilikuwa nimeituma usiku uliopita kwa watu 63, na dada huyu si mmoja wao. Nikamuuliza ameipata wapi.

"Shangazi yangu yuko Tabora, ananirushiaga. Naye anarushiwa na mchungaji wao."

Mchungaji naye hayumo katika wale 63. Ya kutolea ilikuwa imeshakatwa simuni; dada akanikabidhi kilichobaki, akaniambia nisikate tamaa, kipaji ninacho.

Nilirudi nyumbani nikilitafakari neno hilo moja, kurusha. Hela zinarushwa na hadithi zinarushwa, kwa simu ile ile na kidole kile kile. Tofauti ni kwamba hela ikitoka Tabora mpaka Temeke kila aliye njiani anaonja, lakini Zuhura alisafiri kutoka kwangu hadi kwa mchungaji, kwa shangazi, hadi chini ya mwavuli, akafika mzima, hajapungua hata herufi. Ndio muamala pekee nchini usio na makato. Siombi uuwekee tozo. Nakufahamu, utauwekea, halafu utaniletea mimi bili.

Kuhusu sheria, usinikumbushe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nimeisoma mpaka mwisho, na ni nzuri, inanitambua kuwa mwenye mali. Kitu isichonieleza ni nimkamate nani katika kundi la kwaya ya yule mchungaji, lenye watu 84.

Nawe usidhani nakwepa kurasimishwa. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, kwenye ofisi fulani nisiyoitaja kwa sababu bado nitarudi huko. Nikapewa fomu. Aina ya biashara: duka, mgahawa, gereji, saluni, mengineyo. Nikauliza nijaze nini. Afisa akauliza nauza nini. Nikasema hadithi.

"Unaziagiza wapi?"

Nikasema naziandika mwenyewe.

"Stoo iko wapi?"

Nikaonyesha kichwa. Hakucheka. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, foleni imefika mlangoni, na fomu haikuwa na nafasi ya kichwa. Kwenye idadi ya wafanyakazi niliandika mmoja; mkurugenzi nikajaza jina langu, mhasibu jina langu, mlinzi jina langu. Akapiga muhuri kwenye "Mengineyo". Tangu siku hiyo ndivyo ninavyojitambulisha.

Nilikuwa nimeshaonja urasimu wa aina hiyo. Mwaka 2018, nikiwa na kablogu kangu ka hadithi fupi, zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, ada ya mwaka 1,000,000 nyingine, na ukikutwa bila leseni, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mapato yote ya blogu yangu mwaka ule yalikuwa kiroba cha mchele alichoniletea msomaji mmoja kutoka Kyela. Nikazipekua kanuni kuona kama mchele unapokelewa. Haukutajwa. Nikaifunga blogu, nikaula mchele. Kanuni zilirekebishwa 2020 na tena 2022, nami nilifurahi kama anavyofurahi mtu aliyeuza baiskeli akisikia bei ya matairi imeshuka.

Majirani nao hawajalala. Uganda, Julai 2018, walianza kutoza shilingi 200 zao kwa siku ili mtu aingie kwenye mitandao ya kijamii. Kenya, katika Muswada wa Fedha wa 2023, walipendekeza kukata asilimia 15 ya malipo ya watu wanaotengeneza maudhui mtandaoni. Kelele zikawa kelele, wakashuka hadi 5. Na huko Marekani kuna Patreon, iliyoanzishwa 2013 na mwanamuziki Jack Conte na mwenzake Sam Yam ili mashabiki wamlipe msanii. Kuna pia Substack, inayochukua asilimia 10 ya anacholipwa mwandishi. Asilimia 10, na watu kule wanalalamika! Niliposoma malalamiko yao nililia kwa wivu.

Nilijaribu kuwafuata huko huko. Nina msomaji mmoja Muscat, mama mwenye asili ya Unguja, aliyetaka kulipia mwaka mzima kwa mkupuo, kwa kadi. Upande wake kadi inatuma. Upande wangu hakuna pa kupokelea. Tulihangaika wiki tatu, tukajaza nchi, tukajaza mtaa, mtambo ukataka namba ya posta ya mtaa wetu, ambao hata bodaboda huuita "pale kwenye mwembe uliokatwa". Mwishowe akazipitisha hela kwa binamu yake wa Unguja. Binamu akazipokea, akazitia kwenye mashine ya boti. Ananiambia bahari ikitulia atarudisha. Mama wa Muscat nampelekea Zuhura kama kawaida, hana kosa.

Sasa watu wananiambia tatizo si wewe, tatizo ni Watanzania, hawana utamaduni wa kulipia kitu kila mwezi. Hilo nalikataa. Kuna king'amuzi, ambacho baba akikosa kukilipia wiki ya Simba na Yanga nyumba haikaliki. Kuna upatu, ambao mama atauza kuku, auze na ndoo, ili siku ya mchezo isimkute mtupu. Kuna michango ya harusi: mwaka jana nilitoa 50,000 kwa harusi ya mtoto wa jirani wa bosi wa zamani wa kaka yangu, kadi ikaja "single", nikaenda, nikala pilau nimesimama. Huwezi kuniambia watu hawa hawajui kutoa.

Nadhani wanatoa pale wanapoonekana. Nenda kwenye taarabu. Mtu anainuka na noti mbichi ya 5,000, anacheza kutoka meza ya nyuma mpaka jukwaani, hana haraka, anamtunza mwimbaji mbele ya ukumbi mzima na mbele ya yule aliyemkusudia, anarudi kwa mwendo ule ule, vigelegele vinamsindikiza. Ile 5,000 imenunua mambo manne kwa pamoja. Yangu ya 2,000 inatoka gizani, mtu yuko kitandani, anabonyeza namba ya siri, simu inatetemeka mara moja, basi. Hakuna hata wa kumwambia "haya!"

Nikajaribu kuleta ukumbi simuni. Kila Jumapili nikawa nabandika majina ya waliolipa, kwa sifa za kila mmoja: fulani bint fulani, mwenye mkono usiokunjika. Wiki moja waliongezeka tisa! Wiki ya pili mama mmoja akaniandikia pembeni nimfute haraka, mume wake ameona jina na anauliza 2,000 ya hadithi ilitoka kwenye fungu gani, la sukari au la mkaa. Wa pili akataka jina lake litangulie la jirani yake. Wa tatu alisifiwa kimakosa, hakuwa amelipa, na hakukanusha. Nikaacha.

Ndipo nikafika kwenye ombi langu. Muda wote nilidhani kazi hii ni yangu na ninyi ndio mnaokata. Nimekaa na daftari nikaona nimekosea. Aliye na uhakika wa kulipwa kila Zuhura anapopiga hatua ni wewe. Mimi huwa nasubiri kuona kama kutabaki. Kwa hiyo kazi ni yako, Mheshimiwa, na anayekata ni mimi. Nakata mboga. Mwezi uliopita nilikata nauli.

Basi niajiri. Siombi makubwa. Nipewe kima cha chini, chochote kinachosemwa siku hizi kuwa ni cha chini. Nipate likizo ya siku 28, kama sheria ya ajira inavyosema, nami nimpumzishe Zuhura, amechoka. Nikatwe mafao ya uzee, maana hayo angalau ni makato yenye ahadi ya kurudi. Chai ya saa nne. Mei Mosi nipewe fulana na kofia, nipite uwanjani nyuma ya bango lililoandikwa Mengineyo, nikupungie mkono. Bosi anayenila ninaye tayari, imebaki barua ya ajira tu.

Marehemu mwandishi Ben Mtobwa alijianzishia nyumba yake ya uchapishaji, Heko, akawa mtunzi na mwenye duka kwa wakati mmoja. Mimi nimejaribu kuwa mwenye duka. Wateja wanapitia dirishani.

Ningeendelea, lakini mita ya LUKU imeanza kulia na Zuhura bado amesimama Mbezi, begi mkononi, mwanamume yule amebakiza hatua tatu. Watu 63 wameshalipia kujua atafanya nini, na mchungaji naye anasubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi (Mengineyo)

Nakala: Dada wakala, chini ya mwavuli. Kwa taarifa tu, ingawa nadhani ameshaisoma.