Jinsi ya Kumaliza Kulungu wa Krismasi Kabla ya Pasaka

Kwanza nunua kifurushi chenyewe cha kuunda kulungu. Kuanzia Novemba utakikuta Nairobi, kwa wauzaji wanaochukua mali Kamukunji na Nyamakima, na usipokifuata huko kitakufuata hadi Tala siku ya soko. Chagua kwa picha iliyo juu ya boksi: kulungu mnene mwenye pua nyekundu, theluji imemtanda mgongoni, na kando yake mtoto anayecheka bila tone la gundi nguoni. Usifungue boksi dukani. Muuzaji hatakubali, naye ana sababu zake.

Kisha lisafirishe. Boksi limetoka mbali, pengine Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang huko China ambako sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia nzima hutengenezwa, likavuka bahari hadi Mombasa bila kupata hata mkunjo. Mkunjo litaupata ndani ya matatu ya Kangundo Road, kati ya Joska na Malaa, chini ya gunia la vitunguu la abiria aliyekuapia kwamba halina uzito. Usigombane naye. Wiki hiyo nauli imepanda na kila mtu ana lake.

Ukifika nyumbani waite watoto, waketi mkekani, uwasomee onyo. Utaona duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, limekatwa kwa mstari: mchezo huu si wa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa kuwa vipande vidogo vinaweza kumkaba koo. Duara la kumwonya mama wa miaka arobaini halipo, na hapo ndipo watengenezaji walipoteleza, maana kazi ni yake. Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze shuleni nchi nzima mwaka 2019, mzazi Mkenya amefinyanga vyungu, ameshona wanasesere na kujenga sanamu za kufukuza ndege shambani, na alama zote zikaandikwa kwa jina la mtoto wa gredi ya pili. Mikono imeshazoea.

Sasa mwaga vilivyomo. Maelekezo ni michoro minne. Wa kwanza unaonyesha vipande, wa nne unaonyesha kulungu aliyekamilika. Yaliyotokea katikati ni siri ya kiwanda.

Hesabu macho. Boksi linasema kulungu wanne. Macho ni saba. Mtoto mkubwa ataamua kwamba mmoja ni chongo, na mdogo ataangua kilio kwa kuwa huyo chongo amepewa yeye. Usirudi Nairobi kudai jicho. Nenda jikoni uchukue punje ya kunde, ambayo kwa rehema za Mungu huja na jicho lake jeusi tayari.

Gundi ya kwenye boksi ilikauka ikiwa safarini. Ikamue kwa heshima zote, kisha iweke kando. Waliotangulia walitumia uji mzito wa unga wa ngano, na unafaa sana, ila kuku wa Kangundo hawajui tofauti ya pambo na makombo. Kwa hiyo utatuma mtu akuletee supa glu. Sikiliza kwa makini hapa. Kichwa cha kulungu ni mpira wa stairofomu, na supa glu ikidondokea hapo haishiki, inakula: povu linanywea polepole, shimo linajichimba, kingo zake zinakuwa ngumu kama ganda, na pembe uliyokuwa ukiibandika utosini inazama hadi kooni. Wakati huohuo vidole vyako viwili vimegeuka kimoja. Gundi hii hugandishwa na unyevu, na kidole cha Desemba hakikosi jasho. Usivivute. Loweka katika maji vuguvugu yenye sabuni, au mtafute shangazi mwenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kwani asetoni iliyomo huilegeza. Shangazi atataka kujua ulikuwa ukifanya nini. Mwambie unapika.

Theluji imo katika kipakiti kidogo, ni unga wa kumetameta. Haitamkaa kulungu. Utaikuta kwenye chapati za tarehe 25, kwenye supu ya mbuzi, na Mwaka Mpya utaiona iking'aa kwenye ndevu za mchungaji akiwa katikati ya mahubiri.

Jambo la muhimu kuliko yote: babu asikaribie. Hii ni Machakos. Kule Wamunyu watu wanachonga tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi huo kutoka Tanganyika, alikokwenda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo twiga na swara za Wakamba huuzwa hadi Ulaya na Marekani, kwa watu walio na kulungu wao na theluji yao. Babu akiiona kazi yako atainuka bila neno, achukue panga na kipande cha mkahawa uliopogolewa, na kabla chai yake haijapoa atakuwa na mnyama anayesimama kwa miguu yote minne. Watoto watamkimbilia yeye. Mtume akaangalie mbuzi.

Mti ni tawi la msaiprasi, kopo la rangi lililojaa mawe, na pamba kidogo. Kamba ya kutundikia iliyokuja na boksi inatosha shingo ya sisimizi, basi mwombe susu, yaani nyanya, uzi wa mkonge uliobaki kwenye kiondo chake. Atakupa, halafu atamtazama kulungu kwa muda mrefu na kuuliza mbuzi huyo amepatwa na nini. Eleza kwamba ni mnyama wa nchi za baridi. Atauliza kama analiwa.

Jirani akipita na kutaka kujua ulikonunua, mwelekeze duka lenyewe, umtajie na bei. Ya macho atajionea mwenyewe.