Mazoezi ya Kukariri

Nyie, mmeviona vile vikundi vya jogingi vya Jumapili alfajiri? Fulana rangi moja, filimbi mbele, nyimbo za mchakamchaka, barabara yote yao. Raha tupu, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni wakifika uwanjani, kocha, kijana asiyejua goti linaumaje, anapopuliza filimbi: "Wote kichurachura!" Wote! Bodaboda, mama ntilie, mzee mstaafu mwenye presha. Mtu usisonye kwa nini?

Yule mama amesimama jikoni wiki nzima, magoti yanamlilia, wewe unamrusha kama chura. Mpe kiti cha plastiki. Akae polepole, ainuke bila kujishika, akae tena. Kiti kikimshinda kwa ufupi, aweke mto juu, akizoea, autoe. Mapaja yanafanya kazi ile ile ya kuchuchumaa, ila kwa kipimo chake.

Na huko kuchuchumaa kwenyewe, "nyoosha mgongo, nyoosha mgongo!" Mwenye mfupa mrefu wa paja lazima ainamie mbele, la sivyo ataanguka chali. Mwenye paja fupi anashuka wima bila shida, ndiye anayesifiwa. Kasifiwa mifupa ya kuzaliwa nayo! Huyu mrefu apanue miguu kidogo, au aweke kibao chini ya visigino, yaishe.

Mzee wa presha ndiye ananitia wasiwasi. Kadaka chuma cha makopo yaliyojazwa zege, kabana pumzi, mishipa ya shingo imemtoka. Kubana pumzi ukinyanyua mzigo kunapandisha presha papo hapo. Apunguze uzito, atoe pumzi wakati wa kunyanyua. Na ile hesabu ya 220 toa umri mpate mapigo ya moyo, kama anameza atenolol msimpigie. Dawa hiyo inazuia mapigo yasipande, atahangaika kuifukuzia namba asiyoweza kuifikia. Apime kwa mdomo: akiweza kuongea lakini kuimba kukamshinda, hapo panatosha.

Halafu kuna ndugu yetu hapa kijiweni na hatua zake 10,000, utadhani zimeteremshwa. Zilianza Japani mwaka 1965, kampuni ikiuza kifaa cha kuhesabia hatua, Manpo-kei. Tangazo la biashara hilo, jamani! Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kukaza misuli. Asiyeziweza aanze na anachoweza, nacho kinahesabika.

Kwa hiyo wewe kocha, Jumapili hii kabla ya filimbi, uliza: nani ana goti, nani ana presha, nani anachoma insulini, nani amejifungua juzi juzi. Haikuchukui hata dakika tano. Na anayebanwa kifua akikimbia asiambiwe "kaza, mwanaume!" Msimamishe, mpeleke hospitali.