Vitu Saba vya Kumkuza Mtoto, Kuanzia Ghali Hadi Bure

Siku hizi mtoto hajazaliwa bado, orodha ya manunuzi imeshafika. Tuihesabu kurudi nyuma, kutoka kinachokomba pochi hadi kisichogharimu hata shilingi. Mlionunua namba 7, poleni.

7. Toi la betri. Linaimba wimbo uleule, kwa lugha isiyojulikana, saa kumi na moja alfajiri. Mtoto analiacha, anachukua boksi lake. Ana akili: boksi unaingia, unalivaa kichwani, unalipiga ngoma.

6. Kigari cha magurudumu "cha kumwahisha kutembea". Hakimwahishi. Kutembea kunatokana na kutambaa, kujishikiza kwenye kochi na kukaa matako bila kupenda. Canada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivi 2004, kwa sababu vilikuwa vikiporomoka na watoto kwenye ngazi. Kwetu ngazi chache, lakini jiko la mkaa liko palepale mlangoni.

5. Simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2019: chini ya miaka miwili, asionyeshwe kabisa, miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku. "Lakini anatulia!" Hata baba yake anatulia akishika yake, na hatujaona akili ikiongezeka.

4. Unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili. Hapa tukae kidogo. Mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele: huo ni wanga juu ya wanga, hata ukiusaga kwa mbwembwe. Karanga nazo zikisagwa humo na kukaa kwenye ndoo, unga unachacha upesi, na mahindi na karanga ndiyo makao ya sumukuvu. Nafaka moja inatosha. Karanga zilizosagwa, maziwa au unga wa dagaa weka wakati wa kupika. Halafu uji uwe mzito, ubaki kwenye kijiko. Tumbo lenyewe dogo, ukilijaza maji chakula kitakaa wapi? Yote haya ni baada ya miezi sita. Kabla ya hapo ni titi tu, hata bibi akija na kijiko chake cha maji.

3. Kadi ya kliniki. Chanjo zikiisha, inazikwa kabatini. Wakati kliniki ni hadi miaka mitano: mizani, matone ya vitamini A kila miezi sita, dawa ya minyoo. Akina baba, mlangoni hapajaandikwa "wanawake tu".

2. Kanga. Jifunike uso, jifunue, aangue kicheko. Anajifunza kwamba kisichoonekana bado kipo. Zamu yako itafika siku atakapoficha funguo.

1. Kumjibu. Tanzania ilipozindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, PJT-MMMAM (kifupisho kinachohitaji kifupisho), malezi yenye mwitikio yaliwekwa sawa na afya na lishe. Maana yake nyumbani: akisema "ba-ba-ba", mjibu, "Eee, baba kaenda wapi?" Akinyooshea kuku kidole, mtajie kuku, na rangi yake, na anavyolia. Akilia yeye, mbebe. Kichanga hajui kudeka. Ukiwa unakata vitunguu naye yuko mgongoni, msimulie hivyohivyo vitunguu. Jirani atadhani unaongea peke yako. Mwache adhani.