Waya Usio na Mwenyewe

Garissa, waya haulali nje. Ukining'inia ukutani bila kazi, ni kama mbuzi aliyepotea: mpita njia wa kwanza mwenye imani humrudisha zizini, wala haulizi zizi la nani.

Ndivyo ofisi moja mjini ilivyokosa intaneti Jumatatu asubuhi. Tarishi, mzee wa heshima zake, aliukuta waya wa mtandao umechomekwa upande mmoja tu, upande wa pili unakanyagwa sakafuni. Akauokota, akautafutia tundu ukutani, akaenda zake kunywa chai. Sasa waya ulitoka kwenye swichi ukarudi kwenye swichi ileile. Kompyuta moja iliuliza printa iko wapi, na swali hilo likaingia kitanzini. Fremu za Ethernet hazina umri wa kufa. Swali likazunguka bila kuchoka, likigonga kila kompyuta, hadi hakuna aliyeweza kutuma hata salamu.

Hukumu zilitangulia ushahidi. Mmoja alilaumu joto. Wa pili aliapa kwamba faiba imekatwa huko Mwingi. Wa tatu alinilaumu mimi, fundi wao, nami bado sijafika.

Kinga ya balaa hili ni ya zamani. Mwaka 1985 Mmarekani Radia Perlman alibuni spaning-trii: swichi hutumiana ujumbe kila sekunde 2, na zikigundua kitanzi hufunga njia moja. Ila ina tahadhari nyingi. Ukichomeka waya, porti husikiliza sekunde 15, hujifunza sekunde 15 nyingine, ndipo ifungue njia. Kwa ajili ya sekunde hizo 30, fundi aliyenitangulia alipigiwa kelele na watu ambao basi la Nairobi huwaweka stendi nusu siku wakakaa kimya. Akaizima spaning-trii yote.

Nikaiwasha. Porti za kompyuta nikazipa PortFast, zisisubiri, na juu yake ulinzi wa BPDU, unaoifunga porti papo hapo ikipokea ujumbe wa swichi. Porti za swichi kwa swichi sikuzigusa. Hizo zisubiri tu. Kisha nikamwendea mzee.

"Adeer, waya huu usiuchomeke tena."

"Adeer, tundu lilikuwa wazi."

"Liache wazi."

"Na mtu akijikwaa?"

Jibu la swali hilo halimo kwenye mwongozo wa swichi. Nikaukunja waya nikautia begini.

Alasiri simu ikalia: mhasibu hana mtandao. Porti yake ilikuwa imejifunga, kama nilivyoiagiza. Kumbe alinunua sokoni kiswichi cha matundu matano, aunganishe printa yake, na ndani ya boksi mlikuwa na waya mfupi wa ziada. Mzee alikuwa ameshausaidia, ncha zote mbili.

Safari hii ofisi nzima ilikuwa na intaneti isipokuwa mhasibu. Wote walikuja kumpa pole, mzee akiwa wa kwanza.