Mgeni Asiyehitaji Takrima

Mjusi mwenye ndevu ana balaa moja: uso wake umekaa kwa namna ya kuomba bila kuomba. Analala juu ya gogo lake, kichwa kakiinamisha upande, jicho moja linafuata tonge kutoka sahanini hadi mdomoni mwako, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kula huku anatazamwa hivyo. Basi humega. Leo kipande cha parachichi, kesho jani la mchicha, keshokutwa ndizi mbivu, na siku ya Idi hata ukoko wa pilau. Ajali nyingi za mijusi wafugwao huanzia hapo, mikononi mwa mtu mkarimu. Ninachosema ni kwamba chakula cha hatari kuliko vyote kwa mnyama huyu ni huruma yetu, kwa sababu tunalipima tumbo lake kwa tumbo letu.

Huyu si mjusi wa ukutani. Kwao ni nyika kame za ndani ya Australia, na ukoo wake ni ule ule wa mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu wanaoota jua juu ya mawe ya Serengeti. Zile ndevu ni miiba laini ya kooni, ambayo huivimbisha na kuitia weusi akikasirika. Sheria ya Australia hairuhusu atolewe nchini kwa biashara, lakini vizazi vilivyozaliwa vizimbani vimejaa Ulaya na Amerika Kaskazini. Ndiyo maana mtoto wa Mswahili aliyezaliwa Leicester au Toronto anaweza kumleta sebuleni, na bibi aliyekuja kutembea kutoka Tanga akaulizwa mnyama huyu ale nini. Bibi atajibu bila kusita: mpeni mchicha, mchicha una madini.

Kwenye karatasi, bibi ameshinda kesi. Gramu 100 za mchicha mbichi zina zaidi ya miligramu 200 za kalsiamu na takribani 50 tu za fosforasi, na madaktari wa wanyama wanataka mjusi huyu apate kalsiamu walau maradufu ya fosforasi. Spinachi nayo, kwa miligramu 99 dhidi ya 49, inafaulu mtihani huo huo. Kinachoharibu ni asidi ya oksaliki iliyojaa katika majani hayo: huikamata kalsiamu tumboni na kutoka nayo nje. Ni kama mshahara wa mtumishi mwenye mikopo: hati ya malipo inapendeza kusoma, lakini mfukoni hakuingii kitu. Sisi tunachemsha mboga, asidi nyingine ikabaki kwenye maji, kisha tunaongeza samaki na maziwa. Mjusi anayepewa jani bichi kila siku hana kwingine pa kufidia. Ndizi haijisumbui hata kujificha: miligramu 5 za kalsiamu kwa 22 za fosforasi. Na ile saladi ya duara, nyeupe na ya kukwaruza meno, ni maji kwa zaidi ya asilimia 95, kwa hiyo anayelishwa hiyo tu ananyweshwa huku mwenyewe akiamini ameshiba.

Parachichi ndilo linalozua ubishi mkali zaidi, maana hakuna tunda tunalolionea fahari kama hilo. Lina kemikali iitwayo persini, ambayo imeua ndege wafugwao na kudhuru viwele vya mbuzi, ndiyo maana madaktari wa wanyama hulikataza kwa mijusi pia. Mbishi atauliza: nani amethibitisha kwa mjusi mwenyewe? Swali la haki, na jibu lake ni kwamba ushahidi wa mijusi ni haba kuliko wa ndege. Lakini anayeng'ang'ania uthibitisho kamili kabla ya kuacha anageuza sebule yake kuwa maabara, na mjusi hajatia saini popote. Parachichi halimpi kitu asichoweza kupata kwingine. Hasara inayowezekana ni kifo, faida ni picha nzuri ya simu. Vitunguu na vitunguu saumu viko kwenye orodha hiyo hiyo ya marufuku.

Hapo hutokea hoja ya mbuga: porini nani humchagulia chakula? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama sebule ingekuwa pori. Mwaka 1999 Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha taarifa kuhusu mijusi wafugwao waliokufa baada ya kula vimulimuli wa Marekani wa jenasi ya Photinus. Wadudu hao wana lusibufajini, sumu ya moyo iliyo jirani na ile ya vyura. Mjusi hutikisa kichwa, hupanua mdomo, ngozi humgeuka nyeusi, na kimulimuli mmoja anaweza kutosha kummaliza. Kwao Australia hakuna vimulimuli wa jenasi hiyo, kwa hiyo hakuna silka ya kumwonya. Akiona kitu kinawaka na kutembea, anakila. Panzi wa bustanini naye huenda amepita kwenye dawa ya jirani kabla ya kufika kwako. Hata nyenje salama wa dukani huwa hatari akiwa mkubwa mno, na kanuni ya wafugaji ni kwamba mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Mtoto hudhani mdudu mkubwa ndiyo heshima kubwa.

Wapo watakaosema wa jirani anakula kila kitu na hajafa. Hajafa, kweli. Lakini mifupa hailainiki kwa siku moja. Mwili unaokosa kalsiamu hukopa kwenye mifupa, kimya kimya, hadi taya linabonyea, miguu inapinda na vidole vinaanza kutetemeka, na wakati huo jirani bado anasifu hamu yake ya kula. Hamu si cheti. Mtoto wa binadamu naye angekula pipi asubuhi, mchana na jioni, na hakuna mzazi anayesema mwili wake unajua unachohitaji.

Kichekesho kikubwa ni kwamba chakula sahihi ndicho kile ambacho hakuna mwenyeji anayemwekea mgeni bila kuona haya: sukuma wiki. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200 za kalsiamu na takribani 25 za fosforasi, na asidi yake ya oksaliki ni kidogo ikilinganishwa na ya spinachi. Katakata mbichi, bila mafuta, bila chumvi, bila nyanya. Mboga za namna hiyo ndizo ziwe sehemu kubwa ya mlo wa mjusi mzima, na boga lililokunwa kidogo likiongeza rangi. Mdogo anahitaji wadudu zaidi, na kwa kuwa nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, wapakwe unga wa kalsiamu kwanza. Taa ya mionzi ya urujuanimno iwake pia, maana bila mionzi hiyo mwili hautengenezi vitamini D3 ya kuipokea kalsiamu yenyewe. Parachichi lako lile mwenyewe, tena bila aibu, hata akikutazama. Na chakula chochote usicho na hakika nacho usimpe: mjusi mzima mwenye afya hafi kwa kukosa mlo wa siku moja.