Wasanii Nawajua kwa Kisogo

Nina miaka tisa nyuma ya jukwaa la ukumbi mmoja wa michezo na muziki hapa Bujumbura, na sijawahi kuona onyesho hata moja. Nimeyasikia yote, nimeyabebea viti yote, lakini kuyaona, bado. Niletee picha ya msanii yeyote aliyewahi kupita kwetu, nitakuuliza huyu ni nani. Mgeuze anipe mgongo, hapo nitakutajia jina lake, mwaka aliokuja na deni la soda aliloniachia.

Nyumbani Nyakabiga hakuna anayeliamini hilo. Nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya Nyakabiga ya Pili, mtu wa Nyakabiga ya Tatu anakuambia pole. Kwa hiyo bango la onyesho likibandikwa tu, mtaa mzima unakumbuka nani ana ufunguo wa mlango wa nyuma. Jirani ambaye mwezi mzima hatusalimiani kwa ajili ya kuku wake ananibishia hodi alfajiri na kuniita muzee. Wanafunzi wa kampasi ya Mutanga waliopanga uani kwangu wananiita patroni, na kodi ya mwezi uliopita sijaiona. Kinyozi ananiita shemeji. Mimi sina dada, na mke wangu hana kaka.

Ukumbi wenyewe, ukiutazama kwa mbele, ni bibi harusi. Rangi mpya kila mwaka, bendera, taa, vyungu vya maua. Nyuma kuna ujia mmoja, choo kimoja na chumba kimoja. Chumba hicho ni cha kubadilia nguo wachezaji, cha kupumzikia wasanii, cha kuchemshia chai, na ni ghala la mikeka ya judo. Kabatini kuna kombe la fedha ambalo hakuna anayejua lilikuwa la mashindano gani, tunawekea sukari. Mlango wa choo unaning'inia kwa bawaba moja tangu mwaka juzi. Nikimkumbusha bosi, ananiambia tuko kwenye mchakato. Kule Kigali walifungua ukumbi wa viti 10,000 mwezi Agosti 2019, na wenyewe wanasema ujenzi ulichukua miezi sita. Miezi sita kwetu ni muda wa kutafakari bawaba.

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mchana palikuwa na mpira wa kikapu, usiku muziki. Kwenye karatasi ya bosi mambo yalikuwa safi: mechi saa nane, imalizike saa kumi, sisi tugeuze uwanja kuwa ukumbi, watu waingie saa kumi na mbili. Mpira wa kikapu una robo nne za dakika kumi kumi, na aliyepiga hesabu hiyo hajawahi kuukalia. Filimbi inalia, saa inasimama. Kocha anaomba mapumziko, saa inasimama. Mtu kaanguka, anatafuta lensi yake ya jicho sakafuni, wote wanainama kumsaidia, saa inasimama. Zimebaki sekunde sita, timu ziko sawa, nami nimesimama pembeni na turubai begani. Mungu anisamehe, nikaomba yeyote yule afunge, hata kwa bahati mbaya. Hakuna aliyefunga. Wakaongezewa dakika tano. Muulize mtu yeyote aliyewahi kusubiri na turubai begani: dakika tano za mpira wa kikapu ni nusu saa ya binadamu.

Wakati huo bendi imeshafika. Na bendi haiji peke yake. Mkataba ulisema watu kumi na wawili. Nikawahesabu mlangoni thelathini na moja, na kila niliyemuuliza alijibu neno lile lile: "Niko na msanii." Mmoja alibeba kofia ya msanii. Mwingine alibeba chaja ya simu ya msanii. Wa tatu hakubeba chochote; nikamuuliza kazi yake, akasema yeye ndiye anayemjua aliyebeba chaja. Nyuma yao, amejikunyata katikati, nikamwona kinyozi wangu. Naye alikuwa na msanii.

Wote hao wakaingia kwenye chumba kile kimoja. Baadaye kidogo mechi ikaisha, na wachezaji nao wakaingia, kwa kuwa nguo zao zilikuwa humo. Sikuwapo, nilikuwa na turubai, lakini niliyasikia. Jitu la mita mbili kutoka Bwiza, limejifunga taulo, limegongana mlangoni na mabinti wanne wacheza shoo waliokuwa wanajipaka pambo la kumetameta. Kijana wa watu alikwenda nyumbani bega lote linang'aa. Nasikia mkewe bado anamhoji.

Kugeuza uwanja, sasa. Watu wanadhani ukumbi unajigeuza. Lazima ile sakafu yenye mistari ya kikapu ifunikwe yote, maana visigino na bia vikikutana juu ya rangi, rangi haiponi. Turubai sita, kila moja nzito kama ng'ombe aliyegoma. Halafu viti 800 vya plastiki, ambavyo vikikaa vimepangana kwenye joto vinashikana. Unavuta kimoja vinakuja vinne. Chini ya kila kiti pana jojo iliyobandikwa. Nimeshika jojo nyingi kuliko daktari yeyote wa meno wa mji huu. Halafu kebo, na juu ya kila kebo, ili mtu asijikwae, skochi, yaani utepe wa kunata.

Hapa naomba niruhusiwe kusimama kidogo, kwa kuwa skochi ndiyo taaluma yangu. Ukumbi wetu haukushikwa na saruji, umeshikwa na skochi. Nayo siku hizi ni ghali na haishiki: unabandika, unageuka, imejikunja kama jani la mgomba. Ndiyo maana ile Machi 2024, vijana wetu wa Dynamo walipokwenda Pretoria kwenye ligi ya kikapu ya Afrika, mimi nilikuwa na swali langu peke yangu. Mnakumbuka: walitakiwa kuvaa jezi zenye tangazo la utalii la jirani zetu wa Rwanda, mechi ya kwanza wakaingia tangazo limezibwa kwa utepe, wakashinda. Baadaye wakakataa kabisa kulivaa, wakanyimwa mechi, wakarudi. Mji ukagawanyika, kwenye vibanda vya brosheti watu wakavuana mashati kwa siasa. Mimi nikauliza: ule utepe ulikaa dakika arobaini, juu ya jasho, juu ya kitambaa, bila kubanduka? Ni wa kampuni gani? Wanauza wapi? Mpaka leo hakuna aliyenijibu.

Onyesho lilianza saa tatu badala ya saa kumi na mbili. Walifungua wapiga ngoma, na hao ndio wasanii pekee ninaowaheshimu bila masharti. UNESCO iliiweka ingoma yetu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mimi ningeiweka mapema zaidi, kwa sababu mpiga ngoma wa Burundi anabeba mzigo wake mwenyewe. Anaingia na ngoma kichwani, gogo zima la mti, huku anaipiga. Haombi kebo, haombi maiki, haombi maji ya chupa ya baridi lakini isiyo baridi sana. Akimaliza anaibeba anaondoka nayo. Bendi nyingine yoyote ukiitazama kwa nyuma utadhani inahama nyumba.

Wimbo wa tatu wa msanii mwenyewe, umeme ukakatika. Nikakimbilia jenereta. Kulikuwa na bido la mazutu nililoliacha limejaa. Nikalinyanyua, likanyanyuka kwa kidole. Miaka hii mafuta mjini kwetu yamekuwa kama mgeni wa heshima: akisikika tu yuko njiani, watu wanalala barabarani kumpokea. Kwa hiyo sikushangaa sana. Dereva wa bendi alikuwa pembeni anatazama nyota. Nikamuuliza, akasema alikopa kidogo tu, kaka, kidogo tu. Nikawasha tochi ya simu, nikaishika kwa meno, nikaanza kumimina kilichobaki. Huko ndani nikasikia kishindo, kisha vigelegele, kisha ukumbi mzima unaimba. Wapiga ngoma walikuwa uani wanamalizia brosheti. Walipoona giza wakajitwika ngoma wakaingia tena. Kila mtu ananiambia mji huu haujapata kuona kitu kama kile. Nami nilikuwa hatua ishirini, natazama mfuniko wa jenereta.

Mkosi wangu ndio huo. Tarehe 23 Machi 2019, siku timu yetu ya taifa ya soka, Intamba mu Rugamba, walipotoka sare ya 1-1 na Gabon wakafuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, nilikuwa nakunja turubai. Bao la Cédric Amissi nililipata kwa kelele za mtaa, kupitia tundu la mlango wa choo.

Na bado mtu akiniambia kazi ya nyuma si kazi, namwambia akawaulize CAF, shirikisho la soka la Afrika. Uwanja ule ule wa mechi ya Gabon, ambao leo unaitwa Intwari, ulikataliwa baadaye. Wakaguzi wa CAF hawaji kusikiliza nyimbo za mashabiki. Wanafungua milango: chumba cha kubadilia, chumba cha daktari, chumba cha kupimia dawa, taa, viti, vyoo. Matokeo yake timu yetu ya taifa ikawa inacheza nyumbani Dar es Salaam. Agosti 2024 Vital'O wa hapa kwetu waliwakaribisha huko huko Yanga wa Dar es Salaam, kwa maana ya kwamba mwenyeji alipanda ndege na mgeni alilala kitandani kwake. Mgeni akafunga manne. Waliporudiana akafunga sita.

Nilimsimulia bosi habari hii yote Jumatatu, tukiwa tumesimama mbele ya choo. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kweli, nchi ina safari ndefu. Kisha akaagiza vyungu vingine vya maua kwa ajili ya mbele.

Jumamosi ijayo kuna onyesho tena. Tiketi zinauzwa dirishani, mlango wa mbele, kuanzia saa nne asubuhi. Wa nyuma una kufuli, ufunguo nimeufunga shingoni kwa kamba, na simu yangu itakuwa imezimwa. Kinyozi, nakuomba, kanunue tiketi.