Fundi Hahitaji Pima Maji

Msimseme fundi wetu wa Mbezi Luis. Uwanja wa kupanga mawe ya Tanga aliupima kwa macho, makadirio kayaandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji: mawe, mchanga, "mengineyo". Mengineyo ndiyo yaliyoyazidi mawe bei. Kushindilia udongo? Mafundi wa kale wa Kilwa walihangaika na chokaa, na matokeo yake kuta za kasri la Husuni Kubwa zipo tangu karne ya 14, zikiwanyima wajukuu kazi. Wetu ana huruma: kamwaga mchanga juu ya majani mabichi, kaukanyaga kwa kandambili, kaomba advansi ya pili. Pima maji ya nini? Masika yenyewe yamepima, na maji yamechagua kuelekea sebuleni. Mpeni kazi, jamani. Mwakani atakuja kuyapanga mawe upya.